Jinsi ya kufundisha jeni za presha ya chumvi kwa daftari la miraba na dadu

Mwanafunzi wa kidato cha sita ukimpa njegere za Mendel hakusumbui. Ndefu ni TT, fupi ni tt, tatu kwa moja, kwisha. Sasa mpe presha ya damu. Ataandika P kubwa na p ndogo, atasema mwenye PP ana presha na mwenye pp hana, kisha atafunga kalamu akiamini amemaliza. Mimi nafundisha baiolojia hapa Tanga, na Jumamosi nina kikundi cha tuisheni Chumbageni. Zoezi hili nimelitunga kuivunja hiyo P kubwa. Tunamfuata panya wa maabara anayejulikana kama panya wa Dahl, aliyezalishwa na mtafiti wa jina hilo ili kuona chumvi inavyopandisha presha, kwa njia ile ile watafiti wa Marekani waliyopita, ila panya wetu ni wa karatasi.

Wa karatasi, nasisitiza. Kila mwaka hakosi kijana anayejitolea kuleta panya wa kweli kutoka ghala fulani. Mkatalie. Panya wa mtaani ana magonjwa, ukoo wake haujulikani, na kumlisha mnyama chumvi mpaka aumie ni kazi ya watu waliosomea na wenye kibali. Mwingine atakutajia panya buku wa SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hao ni jamii nyingine kabisa. Panya wetu ni Rattus norvegicus, na babu zake ni wale weupe waitwao Sprague-Dawley.

Vifaa havitakufilisi: daftari la miraba, lile la hesabu la bei ya chini kabisa, penseli nyekundu kwa kila kikundi, sarafu ya shilingi 100, dadu mbili za ludo, kopo lenye vikaratasi kumi vilivyoandikwa 0 hadi 9, na bahasha moja ya siri utakayoiandaa nyumbani. Ongeza kilo ya unga wa sembe na pakiti ya chumvi.

Anza na unga. Usianze na DNA, watasinzia. Mlo mkali wa panya wa Dahl ni chakula ambacho asilimia 8 yake ni chumvi. Ukitamka “asilimia 8” darasani hakuna anayeshtuka. Mimi hupita soko la Ngamiani kwa muuza viungo mwenye mzani mdogo wa betri, ananipimia gramu 80 za chumvi kwenye kipande cha gazeti, na pembeni gramu 4. Zile gramu 80 ni za kilo moja ya chakula kikali, na zile 4 ni za kilo moja ya mlo hafifu, asilimia 0.4. Vikaratasi viwili vikiwekwa mezani sambamba, darasa zima linasogea mbele. Changanya kidogo kwa kipimo hicho hicho cha mlo mkali, songa ugali wa kiganja kimoja, kila mmoja aonje punje kwenye ncha ya ulimi. Hawa ni watoto wa pwani, wamekulia ng'onda na papa mkavu, lakini bado wanakunja uso. Hapo waambie Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ili wajue mapema kwamba mlo wa maabara ni wa kutafutia jibu haraka, haufanani na sahani ya mtu yeyote.

Sasa daftari. Ukurasa mmoja ni panya mmoja. Panya wa kweli ana jozi 21 za kromosomu. Sisi tunachora jozi tano tu: ya 1, ya 2, ya 7, ya 10 na ya 13. Kila kromosomu ni mstari wa miraba kumi, na kwa kuwa ziko mbili mbili, panya mmoja ana mistari kumi. Mraba mwekundu ni aleli, yaani toleo la jeni, ya ukoo S, yaani ukoo ambao chumvi inaupandisha presha. Mweupe ni aleli ya ukoo R, ukoo unaostahimili.

Ndani ya bahasha andika hivi. Kianzio cha kila panya ni presha ya 120, kwa milimita za zebaki. Kwenye kromosomu ya 13, mraba wa 6, kila aleli nyekundu inaongeza 10. Kwenye ya 10, mraba wa 3, kila nyekundu inaongeza 12. Kwenye ya 7, mraba wa 8, inaongeza 8. Ya 1 na ya 2 hazina kitu, na ni muhimu zisiwe na kitu. Hayo yote ni kwa mlo wa asilimia 8. Kwa mlo wa 0.4, kila nyekundu kwenye mraba wa siri inaongeza 2 tu. Namba hizi ni za kwangu za darasani, isipokuwa ile 10 ya kromosomu ya 13, ambayo nimeiazima mahali nitakapopataja.

Chagua wanafunzi wawili wawe wapima presha. Wakalishe nyuma, wape bahasha na dadu. Mwenzao akileta ukurasa, wanajumlisha kwa siri, wanarusha dadu mbili, wanatoa 7 kwenye jumla ya dadu, na kinachobaki, kiwe chanya au hasi, wanakiongeza kwenye presha. Wanarudisha namba moja tu, bila maelezo. Watahongwa visheti, hilo lijue. Mimi huwachagua wale wawili wasioelewana, kila mmoja amlinde mwenzake.

Dadu zina maana yake. Kwa miaka mingi presha ya panya ilipimwa kwa kumvisha kijimkanda mkiani baada ya kumpasha joto ili damu ipite vizuri. Panya aliyebanwa kwenye kifungio anaogopa, na hofu inapandisha presha. Siku hizi watafiti hupandikiza kifaa kidogo kinachotuma vipimo kwa redio huku mnyama akitembea zake. Hata hivyo, vipimo viwili vya panya yule yule havilingani. Asiyekuwa na dadu atapata namba safi mno, na wanafunzi watakisia siri yako kabla ya chai.

Raundi ya kwanza ni uchaguzi. Kila mwanafunzi anarushia sarafu kila mstari: Nyerere juu, mstari wote mwekundu, swala juu, mweupe. Mnapata kundi mchanganyiko, kama lile ambalo Lewis Dahl alikuwa nalo katika maabara ya Brookhaven, kisiwa cha Long Island, New York. Aliwalisha panya chumvi nyingi akaona jambo ambalo wengine wangelipita: wapo waliopanda presha vibaya, na wapo walioendelea na maisha kama hawajala kitu. Akazalisha wa juu kwa wa juu na wa chini kwa wa chini. Kwa vizazi vichache tu koo mbili zikaachana, na mwaka 1962 akachapisha matokeo hayo. Darasani fanya vivyo hivyo: chukua jozi mbili za juu na jozi mbili za chini, kila mtoto apate mstari mmoja kwa kila mzazi kwa kurusha sarafu, pima, chagua tena. Vizazi vitatu vinatosha. Kundi la juu litakuwa linacheza juu ya 165, la chini halivuki 135.

Usiharakishe kutoka hapa, maana hapa ndipo uhondo ulipo. Waambie wakague kurasa za kundi la juu. Nyekundu zimejaa kwenye ya 7, ya 10 na ya 13, sawa. Lakini mara nyingi utakuta kromosomu ya 1 au ya 2 nayo imegeuka nyekundu yote, au nyeupe yote, ilhali haina kitu. Imefika hapo kwa bahati tu, kwa sababu wazazi walikuwa wachache. Uliza darasa: “Je, kromosomu ya 2 inaleta presha?” Nusu watasema ndiyo, na watatetea kwa nguvu, kwani wenye presha wote wanayo na wasio na presha hawana. Waache watetee. Andika hoja zao ubaoni.

Baada ya Dahl, kazi ya kuwafanya panya hawa wawe ukoo sare iliendelezwa na John Rapp, chuo cha tiba cha Toledo, Ohio. Kaka anapandishwa kwa dada, kizazi baada ya kizazi. Vizazi 20 vya namna hiyo vinafuta zaidi ya asilimia 98 ya mchanganyiko uliokuwapo mwanzo. Ndugu wote wanakuwa kama pacha. Koo hizo sare zilielezwa rasmi mwaka 1985. Hatua hii msiifanye kwa mkono, inachosha bure. Fungueni ukurasa mpya: panya S miraba yote myekundu, panya R yote myeupe. Sasa tofauti kati yao ziko kila mahali, na presha ni moja tu kati ya tofauti hizo. Ukimpima S na R ukakuta homoni fulani iko juu kwa huyu na chini kwa yule, hujathibitisha lolote kuhusu presha. Rudi ubaoni, onyesha zile hoja za kromosomu ya 2. Kimya kitakachofuata kifurahie.

Raundi ya pili ndiyo inayotenganisha mkosaji na msindikizaji. Mzalishe S kwa R. Watoto wa kwanza, F1, wote wanafanana: mstari mmoja mwekundu, mmoja mweupe, presha karibu 150. Kisha F1 kwa F1 upate F2, na hapa kromosomu zianze kukatika. Kwa kila kromosomu ya kila mzazi, rusha sarafu ujue unaanza kunakili mstari upi, halafu chomoa kikaratasi kwenye kopo. Ukipata 0, nakili mstari mzima. Ukipata 4, nakili miraba minne ya mwanzo kisha rukia mstari wa pili. Wanafunzi wengi huelewa kuvuka kwa kromosomu hapa kuliko kwenye mchoro wowote wa kitabu, kwa kuwa mkono wao wenyewe ndio umeruka.

Unahitaji F2 wengi. Darasa la watu 40, kila mmoja panya wawili, ni 80, na hao wanatosha. Ukijaribu na panya kumi bahati itakudanganya. Wapime wote kwa mlo wa asilimia 8, kisha wapange kwa rangi ya mraba mmoja: weupe wawili, mchanganyiko, wekundu wawili. Tafuta wastani wa kila kundi. Kwenye kromosomu ya 13, mraba wa 6, wastani utakuja karibu na 140, 150 na 160. Kwenye ya 2, makundi yote yatazunguka 150, yakipishana pointi tatu hapa, nne pale. Kumbuka ubao.

Ile 10 yangu imetoka hapa. Mwaka 1989 Rapp na wenzake walichapisha matokeo ya F2 wa S na R waliolishwa chumvi nyingi. Walifuatilia alama, yaani mahali ambapo DNA ya S na ya R zinatofautiana, kwenye jeni ya renini, protini ya figo inayoanzisha mfululizo wa kupandisha presha. Panya mwenye nakala moja ya S alizidi kwa milimita 10 hivi za zebaki, mwenye nakala mbili kwa 20 hivi. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 13. Lakini waambie wanafunzi wapange tena panya wao kwa mraba wa 5, kisha wa 7. Tofauti bado ipo, karibu sawa na ya mraba wa 6. Wapange kwa mraba wa 1, inapungua. Alama inayofuatana na presha inaweza kuwa jirani tu wa mkosaji. Watafiti huweka kipimo kinachoitwa LOD. Kwa desturi ya zamani alama haikutangazwa mpaka ifikie 3, yaani data ziwe na uwezekano mara elfu moja zaidi ikiwa kuna uhusiano kuliko ikiwa hakuna. Hesabu yake sifundishi. Nawaonyesha tu kwa nini mtu adai ushahidi mzito hivyo kabla ya kufungua mdomo.

Kabla hamjaondoka kwenye F2, wape wapima presha kurasa zile zile, safari hii kwa mlo wa 0.4. Tofauti ya 20 inaporomoka hadi 4, na dadu zinaimeza. Jeni ni zile zile, panya ni wale wale. Panya S wa kweli hata kwenye mlo hafifu presha yake hupanda polepole umri unapokwenda, kwa hiyo usiwaambie kwamba bila chumvi hakuna kitu. Lakini P kubwa imekufa hapo.

Raundi ya tatu inahitaji subira. Mgeni akija Ngamiani ukamwambia nyumba iko Barabara ya 13, umemsaidia, ila bado atagonga milango mingi. F2 inakupa barabara, haikupi mlango. Ili kupata mlango, chukua F1 umrudishe kwa S. Kati ya watoto, chagua mwenye weupe kuzunguka mraba wa 6 wa kromosomu ya 13, mrudishe kwa S tena. Sehemu ya R inapungua kwa nusu kila mara: F1 ana asilimia 50, halafu 25, halafu 12.5, ukirudisha mara nane inabaki asilimia 0.2 hivi, ukiacha kile kipande unachokilinda. Darasani marudio matatu au manne yanasafisha ukurasa wote. Kisha zalisha ndugu kwa ndugu upate panya mwekundu mwili mzima mwenye kijipande cheupe pande zote mbili. Mpime. Akishuka 20 chini ya S, mkosaji yumo ndani ya kijipande hicho. Endelea kukikata kila kuvuka kunapotokea: kipande chenye miraba ya 5 hadi 7 bado kinashusha, cha 7 hadi 10 hakishushi, basi umebakiwa na miraba miwili tu ya kushuku.

Mfano wa kweli ninaoupenda ni wa kromosomu ya 7. Tangu miaka ya 1970 Rapp na Dahl walishaona kwamba tezi za juu ya figo za S na R hazitengenezi homoni kwa uwiano mmoja. Kimeng'enya kinachohusika kina jeni yake, Cyp11b1. Ilichukua miongo mitatu ya kurudisha na kukata mpaka mwaka 2003, kipande cha R cha herufi 177,000 tu za DNA, chenye Cyp11b1 ndani yake, kilipoingizwa kwa S na presha ikashuka. Kuna pia njia ya mkato ya kuhamisha kromosomu nzima. Kule Milwaukee, kundi la Allen Cowley lilimpa S kromosomu ya 13 ya ukoo mwingine, Brown Norway, na mwaka 2001 likaripoti kwamba panya huyo amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya mlo wa chumvi.

Kama wana swali la mahali jeni hizi zinafanyia kazi, jibu kwa ufupi: Dahl alibadilishana figo kati ya koo hizi, na presha ikaelekea kufuata figo.

Kuna mchezo mmoja wa kuwachokoza. Wanapotoka kwenda chai, geuza miraba michache iwe myeupe kwenye kizazi cha S mlichokitunza. Warudi wakapime, waone presha haipandi inavyotakiwa, wabishane kama ni dadu, mlo au wapima presha waliohongwa. Hili lilitokea kweli: mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya panya S waliokuwa wakiuzwa kwa watafiti walikutwa wamechanganyika na damu ya nje, na chumvi haikuwapandisha kama ilivyotarajiwa. Suluhisho la darasani ni lile lile la maabara: kagua alama za rangi kila kizazi kabla ya kupima chochote.

Jiandae na swali la nyumbani, halikosi. Binti mmoja wa Pangani alinifuata baada ya kipindi, “Madam, kwa hiyo bibi yangu ana hizi nyekundu?”

“Bibi yako si panya wa Dahl, mwanangu.”

“Lakini ana presha, na mama anayo.”

Nilimwonyesha ukurasa wa kundi mchanganyiko, ule wa raundi ya kwanza. Binadamu tuko hapo. Hatukuzalishwa kaka kwa dada vizazi ishirini, na sehemu za jenomu yetu, yaani DNA yetu yote, zinazogusa presha zimeshahesabiwa mamia, nyingi kati yake zikiongeza chini ya milimita moja kila moja. Wapo watu wachache wenye jeni moja yenye nguvu kubwa, lakini ni nadra. Panya anatueleza kwamba mwitikio wa chumvi unarithiwa na kwamba unaweza kufuatiliwa mpaka kwenye herufi; hatuelezi bibi fulani wa Pangani ale nini. Bibi aendelee na vidonge vyake na aliyemwandikia ndiye wa kuulizwa. Mwalimu asiyesema hivi waziwazi atakuta wanafunzi wake wameshaanza kutibu ukoo mzima.

Zoezi zima linakula vipindi vitano hadi sita. Ukiwa na viwili tu, ruka uchaguzi na urudishaji, ingia moja kwa moja kwenye F2 ukiwa na kurasa za F1 zilizochorwa tayari, lakini kipimo cha mlo wa 0.4 usikikate. Kwa darasa dogo, kila mtu azalishe panya wanne badala ya wawili. Na muhula ukiisha badilisha bahasha, hamisha siri kwenye miraba mingine, maana kidato cha tano watakuwa wameshauziwa majibu na kaka zao.